Njiwa weusi wawili wametoa kinda mwekundu: kabla hujamwita mwenzako tapeli, soma hapa

#1 SeremalaNkuhungu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Uzi huu nauandika nikiwa na uchungu. Watu wawili ninaowaheshimu, wote wafugaji wa njiwa hapa Dodoma mjini, hawasalimiani tangu mwezi wa pili, na chanzo ni kinda mmoja. Mmoja alimuuzia mwenzake jozi ya weusi tii akamhakikishia kuwa ni mbegu ya weusi kwa weusi. Uzao wa kwanza wakatoka weusi wawili, mnunuzi akafurahi. Uzao wa pili, kinda mmoja akaota manyoya mekundu ya tofali la kuchoma, kuanzia kichwani mpaka mkiani. Mnunuzi akasema ametapeliwa. Muuzaji akasema jike amezurura, amepandwa na dume wa jirani. Siku niliyofika pale, jike yule alikuwa ameshafungwa miguu anasubiri kisu.

Wote wawili walikuwa wakweli, na jike hakuwa na kosa. Jozi ile ilikuwa kwenye kizimba chake peke yake. Na hata kama angezurura, kinda mwekundu wa namna ile hapatikani mpaka baba NA mama wote wawe wamebeba wekundu.

Nieleze nilivyoelewa mimi. Kazi yangu ni useremala, si ualimu, lakini nafuga tangu 2014, nilipoanza na jozi mbili za soko la Majengo, na kila kinda aliyeanguliwa kwangu nimemwandika: baba nani, mama nani, katoka na rangi gani.

Karibu kila sifa ya rangi njiwa anayo kwa nakala mbili, moja kapewa na baba, moja na mama. Nakala hizo ndizo tunazoita jeni. Jeni nyingine ni tawala, ikiwepo hata nakala moja tu inaonekana nje. Nyingine ni fiche: hukaa kimya kizazi hadi kizazi mpaka siku mbili zikutane kwenye yai moja. Wekundu wa mwili mzima, mkia ukiwemo, ni jeni fiche. Njiwa mweusi mwenye nakala moja ya wekundu ni mweusi kabisa kwa macho. Humjui kwa kumshika, humjui kwa bei, na aliyekuuzia naye hamjui.

Ukiwaoza wabebaji wawili wa namna hiyo, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mwekundu. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Si kwamba katika makinda wanne lazima mmoja awe mwekundu. Kila yai linaanza hesabu yake upya. Mzao mmoja una mayai mawili, kwa hiyo unaweza kupata makinda wanane katika mizao minne wote weusi, na bado wazazi wakawa wabebaji. Ukifanya hesabu, robo tatu ijizidishe mara nane, inakuja kama asilimia 10. Maana yake kati ya jozi kumi za wabebaji, moja itakudanganya hadi mzao wa nne.

Sasa jambo lililonifanya niwapende hawa viumbe. Rangi zote za njiwa wa kufugwa zina wino wa aina tatu tu chini yake: mwekundu wa majivu, mweusi, na kahawia. Yule njiwa wa kijivu mwenye mistari miwili myeusi bawani, mnayemwona kwenye mapaa, wino wake ni mweusi. Anaonekana kijivu kwa sababu wino umekusanyika mafungumafungu ndani ya unyoya. Akipata jeni nyingine inayotandaza wino sawasawa, ndiyo anakuwa mweusi tii. Kwa hiyo kijivu na mweusi ni ndugu wa wino mmoja.

Aina ya wino haigawiwi kama sifa nyingine. Kwetu binadamu baba ndiye mwenye kuamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Kwa ndege ni mama. Jeni hupangwa kwenye nyuzi ndogo sana ndani ya mwili, zinaitwa kromosomu. Dume ana kromosomu mbili za Z, jike ana Z moja na W moja. Jeni ya wino imekaa kwenye Z. Jike akimpa mtoto ile W, mtoto ni jike, na Z yake pekee lazima itoke kwa baba. Yaani binti wa njiwa huchukua wino wa baba yake tu. Mama yake hana cha kumpa hapo.

Oza dume wa kijivu na jike mwekundu wa majivu (huyu ana mistari mekundu bawani lakini mkia wake ni wa majivu, usimchanganye na yule mwekundu mwili mzima). Makinda wote wekundu watakuwa madume, wote wa kijivu watakuwa majike. Bila kusubiri miezi sita uone nani anaguruma.

Karibuni. Mwenye daftari lake alilete.

#2 FundiKizota

Mkuu heshima yako, ila nina neno. Nafuga mwaka wa 20 sasa bila daftari na njiwa wangu wanauzika. Njiwa ana mume mmoja, hili kila mtu anajua, kwa hiyo suala la kuzurura lisingeletwa kabisa. Na haya ya kromosomu, je, umeyaona kwa macho yako au umeyasoma tu?

#3 SeremalaNkuhungu

Nimeyaona, fundi. Kwangu jozi ya namba 7 ni dume wa kijivu na jike mwekundu wa majivu. Wametoa makinda 22 waliofika ukubwa. Wekundu 12, wa kijivu 10. Wekundu wote waligeuka madume, wa kijivu wote majike.

Kuhusu ndoa, njiwa kweli ni watu wa jozi, wanalalia kwa zamu, dume mchana na jike usiku, na wote wawili hulisha makinda kwa maziwa ya gole, ule uji mzito unaotoka kwenye mfuko wa chakula wa shingoni. Lakini banda likijaa, dume jirani humvizia jike anayeokota majani ya kiota. Nimeshuhudia. Ndiyo maana jozi ninayotaka kuijua ukweli wake naifungia kizimba chake, na mayai yanayotagwa siku kumi za mwanzo siyahesabu, kwa kuwa jike huweza kuwa amekuja na mbegu ya dume wa zamani.

#4 FundiKizota

Hapo kwenye kijivu na mwekundu umenikamata. Nina jozi ya hivyo hivyo na siku zote nilikuwa nawaambia vijana wangu "wa kijivu hawa ni majike tu, wauzeni kwa jozi na madume wa nje". Nilidhani ni tabia ya ile jozi. Nikigeuza, dume mwekundu na jike wa kijivu, itakuwa hivyo pia?

#5 SeremalaNkuhungu

Hapana, ukigeuza mlango unafungwa. Wekundu wa majivu ni tawala juu ya weusi, na weusi ni tawala juu ya kahawia. Dume mwekundu mwenye nakala mbili za wekundu atatoa wekundu watupu, madume kwa majike. Akiwa na nakala moja ya weusi aliyoificha, utapata wekundu na wa kijivu nusu kwa nusu katika jinsia zote, hujui nani ni nani.

Ila dume huyo mbebaji mara nyingi anajisaliti. Mfungue mkia na mabawa juani. Ukiona vidoa vyeusi vichache vimerushwa kwenye unyoya, kama mtu amepangusa kalamu, amebeba weusi. Vidoa vikiwa vya kahawia, amebeba kahawia. Huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Jike mwekundu hana vidoa hivyo kwa sababu hana nakala ya pili ya kuficha kitu.

#6 BintiBahi

Shikamoo baba Seremala. Nimesoma uzi mara mbili. Mimi naishi Bahi, nafuga jozi tatu uani, nawapa uwele na choroko. Dume wangu mmoja ni wa njano iliyopauka, kama unga wa dona uliochanganywa na maji kidogo. Jike wake ni mweusi. Jumatatu jioni ametaga yai la pili. Kuna njia ya kujua dume na jike kabla hawajakua? Majirani wananiuliza jozi na mimi nawapa kwa kubahatisha, halafu wananirudishia madume wawili.

#7 SeremalaNkuhungu

Marahaba mwanangu. Umeshika jozi ya dhahabu na hujui.

Njano ile ni ule wekundu wa mwili mzima uliopunguzwa wino. Kuna jeni fiche inayopunguza wino, nayo imekaa kwenye Z kama nilivyoeleza juu. Mweusi akiipata anakuwa rangi ya vumbi, wa kijivu anakuwa wa fedha iliyopauka, mwekundu anakuwa njano. Dume wako kwa kuwa inaonekana kwake, anazo mbili. Kila binti atampa moja, na binti hana Z nyingine ya kuifunika. Mabinti wote watakuwa wamepauka. Wavulana watapata Z nzima ya mama, kwa hiyo watakuwa na wino kamili, ila wote ni wabebaji.

Na hiki ndicho kitakachokufurahisha. Jeni hiyo inakata pia malaika, yale manyoya laini ya njano kinda anayozaliwa nayo. Kinda aliyepunguzwa wino huanguliwa karibu kipara. Kwa hiyo siku ya kwanza, angali na unyevu wa yai: kipara ni jike, mwenye malaika marefu ni dume. Wafunge uzi mguuni wa rangi tofauti, usiubane, na uwe unaubadilisha kila siku chache kwa sababu mguu unanenepa haraka. Tuandikie.

#8 Mwanafunzi_UDOM

Naunga mkono mleta uzi, na nina la kuongeza kwenye weusi tii. Jeni ya kutandaza wino ni tawala. Maana yake weusi wawili wanaweza kutoa kinda wa kijivu, kama kila mmoja ana nakala moja tu. Lakini wa kijivu wawili hawatatoa mweusi tii hata wakizaa miaka kumi, kwa sababu jeni tawala haijifichi. Wakitoa mweusi, hapo ndipo uulize habari za jirani.

Kuhusu michoro ya bawa ipo ngazi nne, kila iliyo juu inaitawala ya chini: marakaraka mazito, marakaraka ya kawaida, mistari miwili, na bawa tupu lisilo na mstari. Hizi haziko kwenye Z, zinagawiwa sawa kwa madume na majike. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walitoa matokeo yaliyonishangaza: yale marakaraka hayakuzuka ndani ya njiwa wa kufugwa. Yaliingia zamani kwa kuzaliana na njiwa-mwitu wa Afrika, Columba guinea, yule mwenye madoa meupe mabawani na ngozi nyekundu kuzunguka macho. Kwa hiyo wakuu, njiwa wa marakaraka mnayemwona Sabasaba amebeba kipande cha urithi wa ndege wa bara letu, halafu urithi huo umesambaa miji yote ya dunia.

Jeni yenyewe inaitwa NDP. Ngazi ya mwisho, bawa tupu, imetokana na kuharibika kwa jeni hiyo hiyo, na njiwa wa aina hiyo wameripotiwa kuwa na macho dhaifu zaidi. Kwa binadamu ikiharibika huleta upofu wa kurithi. Urembo una gharama, tusiufuate kwa pupa.

#9 Kijana_Ihumwa

Nondo hizi! Binamu yangu yuko Uingereza anafuga wale mijusi chui, wa njano wenye madoa meusi. Kule mjusi anauzwa na maandishi: "anaonyesha hiki, amebeba kile kwa asilimia 66". Mimi nilikuwa sielewi mjusi anabebaje kitu kwa asilimia 66. Ni sheria hizi hizi?

#10 Mwanafunzi_UDOM

Ni hizi hizi, na hiyo 66 tuichukue tuitumie huku. Rudi kwenye jozi ya ugomvi. Wazazi wote ni wabebaji. Kati ya nafasi nne za yai, moja ni mwekundu, mbili ni weusi wabebaji, moja ni mweusi safi. Ukiwa umeshamwona kinda ni mweusi, ile ya mwekundu imetoka, zinabaki tatu, na mbili kati ya hizo ni wabebaji. Mbili kwa tatu. Kinda hajabeba theluthi mbili za jeni, ama anayo ama hana. Asilimia ni ya kutojua kwetu sisi.

Mijusi chui asili yao ni Afghanistan, Pakistan, Iran na India ya kaskazini magharibi. Kuna somo moja kwao linatufaa. Wana alibino wa aina tatu, zinaitwa Tremper, Bell na Rainwater, zote fiche. Ukimwoza Tremper na Bell unapata watoto wa rangi ya kawaida kabisa, kwa sababu kila mzazi ana jeni iliyoharibika mahali tofauti na mwenzake anaizibia pengo. Kwa njiwa weupe ni hivyo hivyo. Weupe una vyanzo zaidi ya kimoja. Mtu anaoza weupe wawili kutoka mabanda mawili, anapata wa rangi, anaanza kutafuta mchawi.

Lakini ile mbinu ya dada wa Bahi haiwezekani kwa mijusi hao. Jinsia yao haitoki kwenye kromosomu, inatokana na joto la yai. Mayai yakikaa nyuzi 26 hadi 28 wengi wanatoka majike, yakikaa karibu 32 au 33 wengi madume.

#11 MzeeWaMpwapwa

Vijana, nawasikia na nimefurahi. Mimi nimestaafu, nilikuwa msaidizi wa mifugo miaka mingi, na ng'ombe wa Mpwapwa nimekua nikiwaona wakitengenezwa kwa kuchanganya zebu wetu na damu ya Sahiwal na Red Sindhi. Pale hakuna mnyama aliyeoa bila kuandikwa. Kwa hiyo namwambia Fundi, anunue daftari, si jambo la wasomi.

Ninalotaka kusema kwa mkazo ni hili. Kuna njiwa wa rangi mchanganyiko, vipande vya njano, vyeusi, kahawia na vyeupe kwenye mwili mmoja, Wazungu humwita Almond. Jeni yake ni tawala na iko kwenye Z. Nakala moja inaleta uzuri ule. Dume akipata nakala mbili hutoka mweupe-mweupe, mara nyingi macho mabovu, na wengi hufa. Kwa hiyo HAMUOZI Almond kwa Almond. Mwoze na mweusi au wa kijivu, nusu ya uzao itatosha. Nimeona mtu akiwaoza makusudi ili "azidishe rangi", makinda wanapapasa ukuta wakitafuta mama.

Huko kwa mijusi yamewakuta pia. Mjusi aitwaye Lemon Frost, aling'ara kuliko wote, bei ikapaa. Baadaye zaidi ya asilimia 80 ya wenye jeni ile wakaonekana kuota uvimbe wa saratani ya ngozi. Mwaka 2021 watafiti wakatangaza kuwa rangi na ugonjwa vyote vinaelekea kwenye jeni moja, SPINT1. Huwezi kuvitenganisha kwa kuchagua wazazi wazuri. Wafugaji wengi wakaacha kuwazalisha, na mimi nawapongeza.

Na wewe kijana wa Ihumwa, kama una hamu ya mijusi, usiende kukamata wa porini. Tunaye mjusi mdogo wa bluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, ambaye karibu amalizwe na biashara hiyo. Nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, zilimweka Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote, kwenye mkutano wa 2016. Anza na njiwa. Uwele uko tele mwaka huu.

#12 Kijana_Ihumwa

Nimepokea mzee, shikamoo. Naanza na jozi moja ya kijivu.

#13 FundiKizota

Daftari nimenunua. Swali moja: nina dume mweusi nataka kujua kama amebeba wekundu. Nikimwoza na mweusi mwingine nitasubiri mpaka lini?

#14 SeremalaNkuhungu

Usimwoze na mweusi. Mwoze na jike mwekundu mwili mzima. Jike huyo hana kingine cha kutoa ila wekundu, kwa hiyo swali lote linabaki kwa dume. Akiwa mbebaji, kila yai ni nusu kwa nusu. Kinda mmoja mwekundu akitoka, jibu umepata. Mbebaji ana nafasi moja tu katika 32 ya kukuponyoka kwa kutoa makinda watano mfululizo wote weusi. Mimi nikifika sita naandika "safi" kwa kalamu ya wino.

Na makinda hao weusi wa jaribio wote ni wabebaji, bila asilimia. Ukiwauza mwambie mnunuzi. Hapo ndipo ule ugomvi ulipoanzia. Hakukuwa na mtu mwovu, mtu alisema "mbegu safi" bila kujua ameficha nini. Semeni "wazazi wake ni weusi, kwangu wametoa weusi wanane". Hiyo ni kauli ya kweli na mnunuzi anajua anachonunua.

#15 BintiBahi

Shikamoo baba, shikamoo mzee wa Mpwapwa. Mayai yameanguliwa, siku ya 18 tangu lile la pili. Wa kwanza ana malaika marefu ya njano mwili mzima. Wa pili ni kipara, ngozi tupu ya waridi, nilidhani mgonjwa. Mama angu alisema nimtoe asimwambukize mwenzake. Nikamsomea ulichoandika, akanyamaza akaniletea uzi. Kipara nimemfunga mwekundu, mwenye malaika nimemfunga mweupe. Wote wawili magole yamejaa.

#16 SeremalaNkuhungu

Alhamdulillahi. Msiwashike-shike wiki ya kwanza. Na huyo kipara hana malaika ya kumkinga, usiku upepo wa Bahi ni baridi, ziba upande wa kizimba unaoangalia mashariki kwa gunia.

Na taarifa nyingine: wale ndugu wawili nimewasomea uzi huu nyumbani kwa mnunuzi jana jioni. Muuzaji ameomba amnunue yule kinda mwekundu kwa bei ya jozi. Mwenzake amekataa kuuza. Wamekunywa chai.

#17 BintiBahi

Wiki ya nne leo. Mwenye uzi mweupe ni mweusi tii, anang'aa kijani shingoni. Kipara ameota manyoya yote, ana rangi ya vumbi la barabara ya Bahi wakati wa kiangazi, mpaka mkiani. Jirani ameshaniwekea oda ya jike, nimemwambia aje na dume wake tumwangalie mkia kwanza juani.